Zabibu, Asali na Elimu ya Ulimi

Hadi mwaka 1963 Singida na Dodoma zilikuwa katika Jimbo moja la Kati, na hata leo jua lao ni moja na uchache wa mvua ni mmoja. Huko Bihawana, karibu na mji wa Dodoma, wamisionari Wakatoliki walipanda mizabibu ili wapate divai ya misa. Baadaye Makutupora ikawa na kituo cha utafiti, na jina lake likapewa zabibu nyekundu iliyoizoea ardhi ile. Ufaransa, ambako baridi huulaza mmea, mavuno ni mara moja kwa mwaka; Dodoma ni mara mbili.

Hata hivyo, Mnyaturu anayejifunza kuonja divai haingii katika elimu ya kigeni. Wazee wake walitengeneza pombe ya asali, wakaijua iliyoiva na iliyochacha. Mrina asali stadi wa Manyoni huitazama asali rangi, huinusa, kisha huionja, akatambua maua yaliyoizaa. Zabibu nazo hupambanuliwa vivyo hivyo. Lakini elimu hiyo haikuandikwa. Mrina asiyeirithisha huzikwa nayo. Inafaa vijana waiulize na kuiandika mapema.