Mifongo ya Kilimanjaro

Wasikilizaji wetu, katika mazungumzo haya twataka kuwaelezeni habari za mifongo, yaani mifereji ya maji ya Wachaga wakaao katika miteremko ya Kilimanjaro. Pengine mtu atauliza, Je, mfereji nao una historia? Tumezoea kuwafundisha watoto majina ya watawala na vita vyao: Horombo wa Keni, Sina wa Kibosho, Rindi wa Moshi. Habari hizo ni za kweli, nazo zafaa kujulikana. Lakini ngome ya Horombo imebaki magofu, na umangi wenyewe uliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bali iko mifongo iliyochimbwa zamani za wamangi hao ambayo hata leo hunywesha migomba.

Kwanza yatupasa kufahamu sababu ya kuchimbwa kwake. Upande wa kusini wa mlima una mito mingi itokayo msituni. Lakini mito hiyo hupita chini kabisa ya makorongo, na watu hukaa juu, katika migongo ya vilima, kila mtu na kihamba chake. Tena ulezi, ambao pamoja na ndizi hufanya pombe ya mbege, ulipandwa wakati wa kiangazi, nao haukuweza kustawi bila kunyweshwa.

Basi wazee walipanda juu ya mto, hata wakafika mahali palipoinuka kupita mashamba yao. Hapo wakazuia sehemu ya maji kwa mawe, matawi na udongo, kisha wakachimba njia ubavuni mwa korongo, wakiyaacha maji yenyewe yawe kipimo cha mteremko. Palipokuwa na kibonde walivusha maji kwa gogo lililochimbwa kama mtumbwi. Harry Johnston, Mwingereza aliyekaa Moshi mwaka 1884, aliiandika habari ya mifereji hii katika kitabu chake.

Lakini kuchimba si kazi yote. Masika hubomoa kingo, na majani na matope huziba njia. Kwa hiyo mfongo ulikuwa na wenyewe, aghalabu ukoo wa yule aliyeuanzisha, na mzee wa kuusimamia. Huyo ndiye aliyegawa zamu, nyumba hii asubuhi, nyumba ile alasiri. Maji ya usiku yalikusanywa katika malambo madogo, yasipotee bure. Siku ya msaragambo, yaani kazi ya wote, kila nyumba ilitoa mtu. Asiyefika alitozwa faini, mathalani pombe, na aliyekataa kulipa alinyimwa maji. Hukumu hiyo yaonekana kali. Lakini ukuta ukibomoka juu na watu wasitoke, wote walio chini hukauka pamoja, mkaidi na mtiifu.

Pengine kichwa cha mfongo kilikuwa katika nchi ya mangi mmoja, na mashamba katika nchi ya mwingine. Hapo palizuka magomvi. Lakini pia watu walilazimika kupatana, kwa kuwa aliye juu aweza kuyakata maji usiku mmoja. Sisi twaona kwamba hili ndilo somo kubwa la mifongo: watu waliopigana kwa mikuki walijifunza kugawana mto.

Nyakati zikabadilika. Kahawa iliingia vihambani, na wakulima wakaunda chama chao mwaka 1925, kikafuatwa na muungano wa vyama vya ushirika, K.N.C.U., mwaka 1933. Sheria ya mwaka 1974 ilitangaza kwamba maji yote ya nchi ni mali ya Jamhuri, na mwenye kuyatumia kwa mfereji yampasa kuwa na kibali. Jambo hilo liliwaudhi wengi, kwani walisema, Je, tuombe ruhusa ya kitu kilichochimbwa na babu zetu? Serikali nayo ina hoja yake: mto haukomi mlimani, bali waenda kwa watu wa tambarare na mitambo ya umeme ya Pangani. Sheria ya mwaka 2009 ikavitambua vyama vya watumia maji.

Lakini sheria haizibui mfongo. Vijana wengi wamekwenda mijini, mabomba yamefika vijiji vingi, na mifongo kadha wa kadha imekufa kwa kukosa mikono. Tena wako wadhanio kwamba maji hutoka katika barafu ya kileleni. Barafu hiyo imepungua zaidi ya sehemu nane katika kumi tangu mwaka 1912. Lakini maji ya mito hutokana hasa na mvua na ukungu unaonaswa na msitu. Kwa hiyo akataye msitu aukata mfongo wake mwenyewe.

Nanyi wanafunzi, mkiwa na mfongo karibu, waulizeni wazee: ni ukoo gani ulioanza kuuchimba, zamu ziligawanywaje, na ni nani anayeuzibua sasa? Yaandikeni majibu yao. Na siku ya msaragambo ikitangazwa, chukueni majembe mwende pamoja nao.