Nani Aliyeupima Mwanga Huu?

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa embe na kwa samaki methali hiyo ni kweli tupu, kwa kuwa mnunuzi ana macho, pua na vidole vya kupimia. Kwa tochi haitufai. Jicho la mwanadamu ni hodari wa kuzoea mwanga na giza, na kwa sababu hiyohiyo ni mpimaji mbaya: tofauti ya asilimia saba kati ya taa mbili kwa kawaida halioni, na weupe unaoelekea buluu hulihadaa likadhani umeona mwanga mkali zaidi. Ndiyo maana historia ya biashara ya mwanga inazunguka swali moja la kisiasa: nani apime, na kwa niaba ya nani?

Katikati ya karne ya 19, wakazi wa London walilalamikia kampuni za gesi juu ya bei na ubora wa mwanga waliouziwa. Mwaka 1860 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyoweka kipimo: mshumaa wa nta ya nyangumi, sita kwa ratili, unaoungua kwa kasi iliyotajwa. Kipimo hicho kilikuwa cha kienyeji na chenye kasoro, lakini kilikuwa mali ya umma. Mwuzaji hakuachiwa tena kuwa shahidi wa bidhaa yake mwenyewe.

Kinyume chake kilitokea mwaka 1924 mjini Geneva. Kampuni kubwa za balbu, zikiwamo Osram na Philips, ziliunda umoja uitwao Phoebus. Nao walipima, tena kwa makini: balbu za wanachama zilijaribiwa maabara, na kampuni ambayo balbu zake zilidumu kupita saa 1,000 ilitozwa faini. Hapo tunajifunza kwamba kupima peke yake si haki. Mizani ileile inayomlinda mnunuzi yaweza kumnyonya, ikitegemea mikono inayoishika.

Zama za LED zimelirudisha swali hilo kwa sura mpya. Mwaka 1962 Nick Holonyak, akiwa General Electric, alionyesha LED nyekundu. Nyeupe ilisubiri buluu, ambayo Shuji Nakamura wa Nichia aliifikisha kwenye mwangaza wa kutosha biashara mwaka 1993. Yeye, Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walitunukiwa Nobel ya Fizikia mwaka 2014. LED nyingi nyeupe za tochi ni buluu iliyofunikwa utando wa kemikali unaogeuza sehemu ya nuru hiyo kuwa ya manjano.

Watoto wa tumbo moja hawafanani, na vipande vilivyokatwa kutoka sahani moja ya kiwandani navyo havifanani. Kwa hiyo kiwanda huvipima kwa wingi wa mwanga, rangi na volteji, kisha huvitenga kwa madaraja. Chukua LED ya Cree iitwayo XM-L. Daraja lake la T6 lilimaanisha lumeni 280 hadi 300 kwa mkondo wa miliampia 700. Kuanzia 300 ni U2. T6, basi, si jina la taa. Ni jina la kapu moja kati ya makapu mengi.

Leo herufi hizo zimechapishwa kwenye maboksi ya tochi za bei poa kana kwamba ni sifa, na ndani mara nyingi mna nakala iliyoigwa kwa umbo tu. Boksi hutangaza lumeni makumi ya maelfu, ilhali balbu ya zamani ya wati 100 ilitoa kama 1,300. Cheti cha maabara kimegeuzwa pambo.

Anayeumia ni nani? Watafiti, wakiwamo Arne Jacobson na Evan Mills, walichunguza tochi za LED katika soko la Kenya takriban miaka 15 iliyopita, wakakuta nyingi zikiharibika au kufifia ndani ya miezi michache. Walionya juu ya hasara kubwa kuliko tochi yenyewe: mwananchi aliyedanganywa huacha kuiamini teknolojia nzima, na mwuzaji mwaminifu hufukuzwa sokoni pamoja na mlaghai. Mpango wa Lighting Africa wa Benki ya Dunia na IFC ulijibu kwa kupima bidhaa, kudai tangazo liseme kweli, na kuchukua sampuli sokoni bila kumtegemea mtengenezaji. Hilo ni somo la London likirudi kwa njia nyingine.

Kenya ilianzisha shirika lake la viwango mwaka 1974, Tanzania mwaka 1975. Chombo tunacho, linalobaki ni kukitumia, na kukidai kitumike. Afisa ununuzi anayeandika “tochi zenye mwanga mkali” hajaandika sharti lolote. Aandike lumeni, muda wa kuwaka na namna ya kuthibitisha. Fundi anayeagiza LED adai msimbo kamili wenye daraja la mwanga, rangi na volteji, aulinganishe na waraka wa mtengenezaji, anunue kwa wakala anayetambuliwa, kisha apime sampuli chache kabla ya kulipia mzigo mzima. Mwanaharakati naye aulize matokeo ya ukaguzi wa sokoni yanachapishwa wapi.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mkunga wa kijijini anayemulika kitanda cha mzazi saa nane za usiku hawezi kuwa maabara. Ametuachia sisi daftari hilo, nasi tukilifunga, gizani atakuwa yeye.