Betri ya Motokaa na Taabu Iliyohama

Kabla ya mwaka 1912, mtu aliyetaka kuendesha motokaa alipaswa kwanza kushindana nayo kwa mkono. Alisimama mbele yake, akatia hendeli, akaizungusha mpaka injini ikakohoa na kuwaka. Injini ilipowaka kabla ya wakati wake, hendeli ilirudi nyuma kama teke la punda, na mikono mingi ilivunjika kwa namna hiyo. Mzee na mgonjwa waliweza kuinunua motokaa, lakini hawakuweza kuiamsha.

Dawa ya udhia huo ilikuwa imekwisha kuwako duniani kwa zaidi ya miaka 50. Mwaka 1859 Gaston Planté, mwanasayansi wa Ufaransa, alikunja pamoja mabamba mawili ya madini ya risasi yaliyotengwa yasigusane, akayatia katika tindikali ya salfa iliyochanganywa na maji. Alipopitisha umeme, mabamba yaliupokea, alipouhitaji, yaliurudisha. Mwaka 1881 Camille Faure, Mfaransa mwenziwe, aliyapaka mabamba uji mzito wa oksidi ya risasi, yakapata nguvu zaidi ya kuhifadhi umeme. Lakini wengi walidhani kwamba mota ya kuamsha injini ingekuwa kubwa mno hata isichukulike. Charles Kettering wa Dayton, Marekani, alikuwa amewahi kutia mota ndogo katika mashine ya fedha ya madukani. Alijua kwamba mota ndogo yaweza kubeba mzigo uliopita kimo chake, maadamu kazi yenyewe ni ya sekunde chache. Kwa maarifa hayo stata ilifungwa katika motokaa za Cadillac za mwaka 1912, na hendeli ikaanza kusahauliwa.

Watu wengi huikomesha hadithi hapo, kana kwamba taabu ilikufa. Haikufa, bali ilihama. Iliondoka katika mkono wa dereva ikaingia katika jicho na subira ya fundi.

Betri hupokea amana na kuirudisha. Inapotoa umeme, tindikali huingia katika mabamba yote mawili na kuyavika salfeti ya risasi, na maji yake huwa mepesi. Jambo hili lilielezwa mwaka 1882 na Gladstone na Tribe, wanakemia wa Uingereza. Juu ya elimu hiyo husimama kazi ya haidromita, bomba la kioo lenye chelezo ndani. Maji ya betri iliyojaa huwa na uzito wa kadiri ya mara 1.28 ya maji matupu. Ya betri iliyokwisha hushuka mpaka karibu 1.12. Seli moja ikiachana mno na wenziwe, hiyo ndiyo mgonjwa, na betri nzima huharibika kwa ajili yake. Ikiachwa tupu siku nyingi, salfeti yake huwa fuwele ngumu ambazo kuchaji hakuziyeyushi tena.

Ndiyo sababu gereji zilijifanyia sheria zake. Maji yaliyotoneshwa huongezwa kabla mabamba hayajawa wazi, wala haiongezwi tindikali. Vichwa vilivyoota kutu husafishwa kwa maji ya magadi. Moto huwekwa mbali, kwa kuwa betri inayochajiwa hutoa haidrojeni. Waya wa hasi hutangulia kufunguliwa, na huwa wa mwisho kufungwa. Volti 12.6 katika betri iliyopumzika ni dalili ya kujaa, lakini dalili hiyo yaweza kudanganya. Betri hujulikana ikitwishwa mzigo. Betri nzima hutolewa kwa sekunde 15 nusu ya mkondo ilioandikiwa wa kuamshia injini katika baridi, nayo haipasi kushuka chini ya volti 9.6.

Miaka ya 1970 zilitokea betri za risasi iliyochanganywa na kalsiamu, zilizofungwa, zisizodai maji. Jicho la fundi nalo likapumzishwa. Hata hivyo betri haikupata umri wa milele: joto huila, na siku ya kubadilishwa hufika. Inayotolewa bado imebeba kilo kadhaa za risasi, ambayo yaweza kuyeyushwa ikawa betri mpya. Hiyo ni sifa kubwa, lakini moshi na vumbi lake ni sumu.

Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi ubavuni mwa nyumba za watu mpaka mwaka 2014. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wake, aligundua kwamba mtoto wake mchanga alikuwa na risasi katika damu, akaongoza madai ya wanakijiji. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitangua tuzo hiyo, Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Basi taabu iliyotoka katika mkono wa dereva ilipita katika jicho la fundi, ikaishia katika damu ya mtoto ambaye hakuwa na motokaa. Kuitunza betri vema ni kuichelewesha safari hiyo, na kuikabidhi kuukuu kwa wanaoiyeyusha kwa hadhari ni kuikatiza. Anayewasha injini kwa ufunguo bila jasho anadaiwa mambo yote mawili.