Ngeli za Alama

Robert Recorde alipochapisha kitabu chake cha aljebra mwaka 1557, alikuwa amechoka kurudia maneno "ni sawa na", akaweka mahali pake mistari miwili sambamba. Aliona hakuna vitu viwili vinavyolingana kuliko hiyo. Wanahistoria humsifu yeye; mimi humfikiria pia fundi wa chapa, aliyedaiwa alama ambayo haikuwamo katika kasha lake la herufi.

Karne nne zilizofuata, mwanahisabati alibuni na fundi akaamua kama yawezekana. Hata sisi walimu tuliochapa mitihani kwa stensili tuliacha nafasi, kisha tukachora alama ya kipeuo kwa mkono.

Mwaka 1977 Donald Knuth, profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford, alipokea kurasa za majaribio za toleo jipya la juzuu ya pili ya kitabu chake. Toleo la awali lilipangwa kwa herufi za risasi. Hili lilipangwa kwa mitambo ya picha, na sura yake ilimchukiza. Akaunda programu mbili: TeX, ipangayo kurasa, na Metafont, ichorayo herufi kwa kufuata maelezo ya mwendo wa kalamu. Mwandishi aliyehitaji alama mpya sasa aliweza kujichongea.

Lakini kuchora hakutoshi, na hapa mpenzi wa lugha asogeze kiti. TeX huitaka kila alama ya hisabati iwe na kundi. Je, hutenda kazi kati ya namba mbili, kama ya kujumlisha? Huhusianisha pande mbili, kama ile ya Recorde? Hufungua kama mabano, au hufunga? Nafasi iachwayo kushoto na kulia hutegemea kundi, kama viambishi vyetu vinavyotegemea ngeli. Alama ya kutoa ikisimama kati ya a na b hupewa nafasi pande zote. Ikitangulia x mwanzoni, hunata nayo, kwa kuwa kazi yake imebadilika. Alama iliyochorwa vizuri ikatiwa kundi lisilo lake hukwaza jicho, mithili ya kusema "kitabu mzuri". Na hicho kitabu chenyewe kilitoka Uarabuni. Wazee wetu walikipa ngeli, kikazaa vitabu.

Alama nyingine zilitoka darasani. Chaki haiwezi kunenepesha herufi, basi walimu wakarudufu mstari wa N ya namba asilia. Jumuiya ya Hisabati ya Marekani ilipotengeneza fonti za nyongeza kwa ajili ya TeX, herufi hizo za ubaoni zikaingizwa, mistari yake miwili ikiwa imebaki vile vile.