Selimundu: Urithi wa baba na mama

Ugonjwa wa selimundu, unaopatikana kwa wingi magharibi mwa Kenya ikiwemo Busia, si laana wala uchawi. Ni hitilafu ya jeni inayozifanya chembe nyekundu za damu zijipinde mithili ya mundu.

Mtoto huugua anaporithi jeni hiyo kutoka kwa wazazi wote wawili. Kumlaumu mama pekee ni dhuluma. Aliyerithi moja tu kwa kawaida huwa mzima, tena hukingika dhidi ya malaria kali, kama alivyobainisha mtafiti Anthony Allison mwaka wa 1954. Ndiyo maana jeni hiyo imedumu pande zote za mpaka wa Kenya na Uganda, ambako malaria imekithiri.

Wenye jeni hiyo wakioana, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuleta mtoto mgonjwa. Heri wachumba wapimwe damu mapema.