Stima, maji moto na Mto Thika

Nimekuwa kimya kwa muda kidogo, kazi ya kuandika programu za watu imenibana. Leo sina kodi ya kuwaonyesha. Nina hesabu, na historia kidogo.

Mwezi Julai nilikuwa nyumbani Thika. Gathano imeshika, mawingu tangu asubuhi, na mamangu analalamika kwamba tokeni haziishi wiki. Nikamwambia nimesoma kuhusu pampu ya joto ya kuchemshia maji. Akaniuliza swali moja tu: "Na hiyo mashine yako inakula stima ngapi?" Sikuwa na jibu. Mimi mwenye digrii ya kompyuta!

Tuanze nyuma kidogo. Mwanzoni mwa karne ya ishirini Clement Hirtzel alipewa haki ya kusambaza stima Nairobi, na mitambo ya kwanza ya maji ikawekwa kwenye Mto Ruiru, hapa hapa ambapo leo mimi napanga nyumba. Mwaka 1922 ikaundwa kampuni ya East African Power and Lighting, na miaka michache baadaye kituo cha Ndula kikaanza kazi kwenye Mto Thika kikiwa na megawati 2. Yaani mito yetu ndiyo iliyowasha taa za Nairobi.

Sasa chukua shawa ya papo kwa papo, ile iliyofungwa karibu kila bafu la Ruiru. Inavuta kama kilowati 5.5. Gawanya: Ndula nzima ingeweza kuendesha shawa 360 hivi kwa wakati mmoja, halafu basi, hakuna balbu hata moja. Ploti mbili tatu kubwa za Ruiru saa kumi na mbili asubuhi zingemaliza kituo kizima. Ndiyo maana miaka ya 1950 tukaanza kununua stima ya Owen Falls kule Uganda, kisha tukajenga kwenye Tana: Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Masinga 1981. Ukame wa 1999 na 2000 ulipokausha mabwawa, mgao ukaja. Na miaka ya 2010 Thika ikapata kituo kingine, cha megawati 87. Hiki hakitumii mto, kinachoma mafuta mazito. Gharama ya mafuta ya vituo vya namna hiyo ndiyo unayoiona kama mstari wa peke yake unaponunua tokeni.

Pampu ya joto yenyewe si kitu kipya. Lord Kelvin alieleza wazo hilo mwaka 1852, na jumba la baraza la jiji la Zürich lilikuwa likipashwa moto kwa mashine ya aina hiyo kufikia 1938. Ni friji iliyogeuzwa: badala ya kutoa joto ndani ya kabati na kulitupa jikoni, inatoa joto kwenye hewa ya nje na kulitia kwenye tangi la maji. Haitengenezi joto, inalihamisha tu, kwa hiyo uniti moja ya stima inaweza kuleta uniti tatu za joto. Na hewa ya Thika, hata wakati wa gathano, ni ya kustarehesha mno kwa mashine ambayo Ulaya inafanya kazi kwenye theluji.

Haya, hesabu ya mama. Watu wanne, dakika kumi kila mmoja kwa siku: karibu uniti 110 kwa mwezi. Taa, friji na televisheni, 40. Jumla 150. Kwa tokeni zake, kodi na tozo zote ndani, uniti moja inakaribia shilingi 28, kwa hiyo 4,200. Kwa pampu, zile 110 zinakuwa 37, lakini tangi linapoteza joto, basi tuseme 50. Jumla 90.

Hapo kuna kitu nusura nikose. Tangu Aprili 2023 bei ya nyumbani ina ngazi: hadi uniti 30, hadi 100, na zaidi ya 100. Mama akishuka chini ya 100, kila uniti inashuka bei, kama shilingi 23. Tisini mara 23 ni 2,070. Anaokoa 2,130 kwa mwezi. Shawa, kumbe, ilikuwa inapandisha hata bei ya balbu!

Muuzaji mmoja alinitajia shilingi 220,000 pamoja na kufunga. Miaka minane na nusu kurudisha pesa, kama haitaharibika.

Lakini kilichoniuma zaidi ni hiki. Zamani wenye matangi ya maji moto walikuwa na tarifa yao, IT, iliyokuwemo bado kwenye jedwali la bei la 2008 na la 2013. Mita ya pili, bei nafuu, na swichi ya kukata tangi jioni wakati watu wengi wanawasha. Kwetu waandishi wa programu hiyo ni akili kabisa: kazi nzito unaipanga usiku, na tangi ndilo kashe yako. Tarifa hiyo imeondoka. Desemba 2017 viwanda vilianza kupewa punguzo la usiku, vya Thika vikiwemo, lakini bafu la mama linalipa saa nane za usiku sawasawa na saa moja jioni. Pampu yenye tangi, ikichemsha usiku kwa bei ya kiwanda, ingekuwa hesabu nyingine kabisa.

Nilimwonyesha mama karatasi. Akaangalia ile 220,000, akaniambia kwa pesa hizo afadhali baba apande kwenye paa apime nafasi ya sola. Baba alipanda Jumamosi. Mabati upande wa mashariki yanahitaji kubadilishwa kwanza.