Mbung'o Hufuata Harufu

Kwetu Kulesa, kiangazi hutangazwa na vumbi la ng'ombe wa Waorma wakishuka malkani, kwenye vijia vya kunyweshea mifugo, kunywa maji ya Mto Tana. Sisi Wapokomo tulikuwa na mpunga na migomba, wao walikuwa na mifugo, na mbung'o wa msitu wa mtoni walitusumbua sote. Wachungaji walinywesha jua likiwa la utosi, kwa kuwa mbung'o wengi huwinda asubuhi na jioni. Jua likielekea kuzama walifukiza samadi kavu bomani, na ng'ombe wenyewe waliusogelea moshi wakajibana humo.

Wataalamu walilifikia jambo hilo, kwamba mbung'o huongozwa na harufu, kwa njia nyingine. Miaka ya 1970, katika nchi inayoitwa Zimbabwe leo, mtafiti Glyn Vale aliwaficha maksai ndani ya shimo lililoezekwa, akaitoa hewa yao nje kwa bomba. Mbung'o walimiminika kwenye mdomo wa bomba bila kuona hata mkia. Walifuata pumzi. Baadaye ikabainika kuwa mkojo nao huwavuta.

Hapa Kenya, ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu alichokianzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, kiliitumia elimu hiyo Nguruman miaka ya 1980: mtego wa kitambaa cha buluu na cheusi, kando yake chupa ya asetoni na nyingine ya mkojo wa ng'ombe. Mkojo uliolala siku kadhaa huvuta kuliko ule mbichi, maana bakteria huwa wameshaifungua harufu yake.

Ila kinachonigusa zaidi ni kuro. Hula nyasi huku deltani katikati ya mbung'o, nao humpita wakamfuate nyati. Ngozi yake ina mafuta yenye harufu nzito. ICIPE waliichambua harufu hiyo, wakaiga viungo vyake, wakavitia kwenye kola ya kuvalishwa ng'ombe. Matokeo ya majaribio ya Kwale, yaliyochapishwa mwaka 2017, yalionyesha nagana, ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbung'o, ikipungua kwa zaidi ya asilimia 80.

Ng'ombe wa Tana nao wanaistahili kola hiyo. Na kabla ya kuivalisha, wazee wa malka waulizwe ianze mwezi gani na kwa kundi lipi, kwa sababu wao ndio wanaojua mbung'o hukimbilia kichaka kipi mto unapopungua maji.